Prongi, katheta, barakoa au CPAP ya mapovu: mtoto huyu umpe oksijeni kwa njia ipi?

Mtoto wa miezi minane anafikishwa chumba cha dharura. Matundu ya pua yanatanuka, kifua kinabonyea kila anapovuta pumzi, anaguna anapoitoa, na oksimita, kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia, inasoma 84. Kwamba anahitaji oksijeni, hakuna wa kubisha. Ubishi uko kwenye droo: kuna prongi (vijibomba viwili vifupi vya puani), katheta (mpira mwembamba mmoja unaopenyezwa puani), barakoa ya kawaida, barakoa yenye mfuko, na kwenye kona imesimama chupa ya CPAP ya mapovu, mfumo unaosukuma hewa mfululizo puani ili mapafu yasijifunge. Mikono ya wengi hukimbilia barakoa kubwa, maana ndiyo inayoonekana kuwa na nguvu. Katika hospitali nyingi za wilaya, kwa mtoto kama huyu, barakoa hiyo itamaliza mtungi kabla hajapona.

Hapa tunalinganisha njia hizo tano kwa watoto wa tangu kuzaliwa hadi miaka mitano hivi. Mlengwa ni muuguzi au afisa tabibu aliye zamu, na zaidi yule aliye zamu peke yake.

## Kwanza, wasiohusika

Wapo watoto ambao kuwachagulia kifaa cha oksijeni ni kupoteza dakika. Anayevuta pumzi moja, akanyamaza, kisha akavuta nyingine kwa kukwamua, huyo hapumui vya kutosha. Anahitaji kupumuliwa kwa mfuko wa Ambu, ule unaominywa kwa mkono, na barakoa yake, kichwa kikiwa kimewekwa sawa: kichanga na mtoto wa chini ya mwaka uso utazame juu moja kwa moja, aliyezidi mwaka kidevu kinyanyuliwe kidogo. Kuna kosa linaloonekana sana hapa. Mtoto anapumua mwenyewe, halafu mtu anamshikia Ambu usoni bila kuiminya, akidhani anampa oksijeni. Vali ya Ambu haifunguki kwa pumzi dhaifu ya mtoto mdogo. Usipoiminya, hapati kitu, na pengine unamziba pua na mdomo.

Aliyepaliwa na karanga au punje ya hindi na hawezi kukohoa wala kulia, oksijeni haitapita palipoziba. Apigwe mapigo matano mgongoni kwanza. Kisha wa chini ya mwaka abonyezwe kifuani mara tano, mkubwa tumboni mara tano, mkirudia. Anayekohoa kwa nguvu mwacheni akohoe. Mwenye kifua kinachopiga filimbi anahitaji salbutamol, na mwenye sauti ya mkwaruzo anapovuta hewa, na kikohozi kinachobweka, anahitaji deksamethasoni, miligramu 0.6 kwa kilo. Hao wawili wanaweza kuhitaji oksijeni pia, ila haishiki nafasi ya dawa. Faida ndogo ya spesa, kopo la kuvutia dawa ya pampu, isisahaulike: mtoto anavuta salbutamol yake huku prongi zikiwa puani. Nebulaiza, kifaa kinachogeuza dawa kuwa mvuke, ikiendeshwa kwa oksijeni hutaka lita 6 hadi 8 kwa dakika.

## Vigezo vya kulinganishia

Hali ya mtoto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza oksijeni kwa mtoto ambaye oksimita inasoma chini ya 90. Mwenye dalili za hatari, kama kupoteza fahamu, degedege, mshtuko (damu kutozunguka vya kutosha mwilini) au kupumua kwa shida kupindukia, apewe akiwa chini ya 94 mpaka atulie. Pasipo na oksimita, fuata macho: ulimi wa bluu, kuguna, kichwa kinachotikisika kwa kila pumzi, kushindwa kunyonya. Oksimita nayo ina siku zake za kuongopa. Kidole cha baridi, kibano cha mtu mzima kwenye kidole cha kichanga, rangi ya kucha, piko nyeusi ya sherehe ya jana, vyote huivuruga. Linganisha mapigo inayoyaonyesha na unayoyasikia kwa stethoskopu. Yakitofautiana, namba ya oksijeni usiiamini.

Oksijeni iliyo kwenye hewa anayovuta. Hii isichanganywe na namba ya oksimita. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Kifaa kinaipandisha hadi 35, au 60, au 90. Mtoto mwenye homa ya mapafu huhitaji oksimita isome zaidi ya 90. Mara nyingi anafika huko kwa kuvuta hewa ya asilimia 35 tu.

Chanzo. Konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, ya lita 5 hutoa lita 5 kwa dakika, haizidi hapo, na umeme ukikatika inanyamaza. Mtungi mkubwa aina ya J hubeba lita 6,800 ukiwa umejaa, na mdogo wa gari la wagonjwa aina ya E hubeba lita 680. Geji ikisoma nusu, zimebaki nusu ya lita hizo.

Mikono. Nani atamwangalia saa nane usiku, na ana watoto wangapi wengine?

Uvumilivu wa mtoto mwenyewe. Anayelia na kupigana na kifaa hutumia oksijeni zaidi. Anayenyonya na kulala hutumia kidogo.

| Njia | Lita kwa dakika | Oksijeni ya hewa | Mtungi wa lita 6,800 hudumu |
|---|---|---|---|
| Prongi | kichanga 0.5–1, mtoto 1–2 | 30–35% | saa 56 kwa lita 2 |
| Katheta ndefu | 1–2 | 45–60% | saa 56 kwa lita 2 |
| Barakoa ya kawaida | 5–6 | 40–60% | saa 19 kwa lita 6 |
| Barakoa yenye mfuko | 10–15 | 80–90% | saa 11 kwa lita 10 |
| CPAP ya mapovu | 5–10 | hutegemea chanzo | saa 14 kwa lita 8 |

## Prongi za puani

Kiwango na matumizi. Ndizo zinazotumia oksijeni kwa uchumi kuliko zote, na ndizo Shirika la Afya Duniani linazipendelea kwa walio chini ya miaka mitano. Konsentreta moja ya lita 5 inaweza kuhudumia watoto wanne wa lita moja moja, mradi kila mmoja awe na floumita yake, yaani kipimo cha lita zinazopita kwa dakika. Kuunganisha mipira kwa kiungo cha Y bila floumita ni kubahatisha: oksijeni hukimbilia kwenye njia nyepesi, na mwenye pua iliyoziba kamasi, yaani anayeihitaji zaidi, ndiye anayebaki na kidogo. Floumita pia iwe ya mtoto. Ile ya lita 15 haiwezi kupima nusu lita. Kijimpira chake kinacheza chini tu na wewe unakisia.

Uwekaji. Anza na pua. Tone moja au mawili ya maji ya chumvi kila tundu, subiri kidogo, fyonza mlangoni pa pua tu. Chagua ukubwa: vijibomba vya milimita 1 hivi kwa mtoto njiti, milimita 2 kwa mtoto hadi kilo 10. Viingie bila kulazimishwa. Fungua oksijeni kabla ya kuziweka puani, kisha chovya ncha kwenye kikombe cha maji. Ukiona mapovu kwenye vijibomba vyote viwili, mpira mzima uko salama. Kimoja kikinyamaza, kimeziba. Kausha, elekeza mpindo wake ufuate sakafu ya pua, bandika plasta mashavuni karibu kabisa na pua, ukiacha nafasi ya kidole usimbane. Mpira upite nyuma ya masikio.

Kisha zungumza na mama, kwa maneno mepesi: "Mama, mpakate hivi, kichwa juu. Hivi viwili vikitoka puani, virudishe. Ukishindwa, piga kelele, tutakuja." Mama anayejua anachokilinda ni zamu ya pili uliyopewa bure.

Kasoro. Kubwa kabisa ni kuhama. Utazikuta shavuni, kidevuni, au zimeingia kwenye blanketi huku floumita ikisoma lita 2 vizuri kabisa. Pitia kila saa tatu, na pua ioshwe kamasi linapokauka. Oksimita ikishuka ghafla, usianze kwa kuongeza lita. Fuata mpira kwa vidole kuanzia puani hadi kwenye chanzo: umekunjwa chini ya godoro? Umechomoka? Kifuniko cha chupa ya unyevu kimekaa upande? Ukiwa na lita 1 au 2 chupa hiyo haihitajiki kwa prongi, kwa sababu pua yenyewe inaloanisha hewa. Chupa iliyosahaulika wiki nzima inafuga vijidudu na kuvujisha hewa. Kwa maoni yetu, bora iondolewe kuliko iwepo ikiwa chafu.

Jambo lingine ni mafuta. Watoto wengi hufika wamepakwa mafuta ya mgando puani ili kamasi lilainike. Mafuta na oksijeni havikai pamoja, yanaweza kuwaka, futa kwanza. Koroboi na mshumaa navyo vitoke chumbani.

Anayefaa. Karibu kila mtoto mwenye homa ya mapafu, mkamba au malaria kali ambaye oksimita yake iko chini ya 90 lakini anapumua kwa bidii na ana fahamu. Ananyonya akiwa nazo, anakohoa, anabebwa. Asiyefaa ni yule ambaye baada ya nusu saa ya lita 2, pua ikiwa safi na prongi mahali pake, bado anasoma chini ya 90. Huyo apandishwe ngazi.

## Katheta ya puani

Kiwango na matumizi. Zipo mbili, na kuzichanganya kuna madhara. Fupi huishia nyuma ya pua na hutoa kama prongi. Ndefu hufika kooni na hutoa zaidi, asilimia 45 hadi 60, kwa lita zilezile 1 au 2, maana koo lote linageuka ghala dogo la oksijeni.

Uwekaji. Namba 6 au 8. Fupi pima kutoka tunduni hadi mwanzo wa ndani wa nyusi. Ndefu pima kutoka tunduni hadi kwenye kijinyama cha mbele ya sikio. Mtoto akifungua mdomo, ncha ionekane chini kidogo ya kimio. Ikionekana imeshuka zaidi, ivute. Weka pia mpira wa tumboni kwenye tundu lilelile la pua, ili tundu la pili libaki wazi.

Kasoro. Ncha ikishuka mno, oksijeni inapulizwa tumboni. Tumbo linafura, linasukuma kiwambo cha chini ya mapafu, na mtoto uliyekuwa ukimsaidia anahema zaidi. Katheta ndefu hupitisha hewa kavu moja kwa moja kooni, hivyo hapa chupa ya unyevu ni lazima, yenye maji safi yaliyochemshwa na kupoa, yabadilishwe kila siku. Kamasi huziba matundu ya ncha. Itolewe na kusafishwa angalau mara mbili kwa siku.

Anayefaa. Fupi ni mbadala mzuri prongi zinapokwisha stoo. Ndefu ni kwa mtoto ambaye prongi hazikumtosha, chanzo ni konsentreta ndogo na barakoa yenye mfuko haiwezekani. Kichanga asiwekewe ndefu.

## Barakoa ya kawaida

Kiwango na matumizi. Lita 5 hadi 6, asilimia 40 hadi 60. Ukiishusha hadi lita 2 ili kubana matumizi, hewa chafu anayotoa mtoto inabaki ndani ya barakoa na anaivuta tena. Hilo tunaliona sana, na nia huwa njema.

Uwekaji. Ishike daraja la pua hadi mpasuko wa kidevu, isifunike macho. Bana kile kibati cha juu ya pua kama kipo.

Kasoro. Mtoto wa mwaka mmoja ataing'oa. Hawezi kunyonya akiwa nayo, na akitapika matapishi yanakaa usoni. Konsentreta ya lita 5 inamezwa yote na mtoto mmoja.

Anayefaa. Mtoto mkubwa kidogo anayeelewa, kwa muda mfupi: anapotoka degedege, anaposubiri prongi, au pua zote zimeziba. Mwenye sauti ya mkwaruzo asibandikwe kwa nguvu, kwani akilia njia ya hewa inabana zaidi. Akae mapajani kwa mama, mama aishike barakoa karibu na uso. Oksijeni nyingi inapotea na asilimia haijulikani, lakini utulivu wake una thamani zaidi kwa dakika zile.

## Barakoa yenye mfuko

Kiwango na matumizi. Hii ndiyo inayofika asilimia 80 hadi 90, kwa lita 10 hadi 15. Kwa lita 15, mtungi mkubwa uliojaa unaisha ndani ya saa saba na nusu.

Uwekaji. Unganisha, fungua lita 10, ziba kwa kidole gumba ile vali iliyo kati ya mfuko na barakoa mpaka mfuko ujae, ndipo uvalishe. Mtoto akivuta, mfuko unywee kidogo tu. Ukinywea zaidi ya nusu, ongeza lita.

Kasoro. Kuiunganisha kwenye konsentreta ya lita 5. Mfuko unalegea kama puto lililotoboka, vali za pembeni zinazuia hewa ya chumbani, na mtoto anavuta kutoka mahali pasipo na kitu. Kifaa chenye nguvu kuliko vyote droo nzima kinageuka kuwa kibaya kuliko vyote. Kama huna mtungi au oksijeni ya ukutani, iache kwenye droo.

Anayefaa. Dakika za kwanza za mtoto aliye hoi: mshtuko, degedege lisilokoma, ulimi wa bluu. Kisha, akitulia na kusoma 94 au zaidi, ashushwe kwenye prongi. Anayefaa mwingine ni mtoto aliyetolewa kwenye chumba chenye jiko la mkaa, au nyumba iliyoungua. Oksimita ya kawaida haitofautishi oksijeni na hewa ya sumu ya mkaa. Itasoma 98 huku mtoto anazimia. Huyo avalishwe barakoa yenye mfuko bila kujali namba.

## CPAP ya mapovu

Kiwango na matumizi. Njia nne zilizotangulia huongeza oksijeni. Hii huongeza pia msukumo, ili vifuko vya mapafu visijifunge mtoto anapotoa pumzi. Mtoto anapoguna, ndicho anachojaribu kukifanya mwenyewe kwa koo lake. Msukumo hupimwa kwa kina cha mpira ndani ya maji: sentimita 5 chini ya maji ni msukumo wa 5 (sentimita za maji). Watu huanza na 5 na kupanda hadi 8. Mtiririko ni ule unaotosha kutoa mapovu mfululizo, kwa kawaida lita 5 hadi 10.

Uwekaji. Prongi zake ni tofauti na zile za kwanza: nene, laini, zinajaza tundu la pua bila kulifanya liwe jeupe kwa kubanwa. Pitisha mpira wa tumboni mdomoni na uuache wazi ili hewa itoke. Chupa ikae chini ya usawa wa mtoto, imefungwa isidondoke, na ina mstari wa wino kuonyesha maji yaanzie wapi. Kabla ya kumvalisha, ziba prongi kwa kiganja: mapovu yakitoka, mfumo haujavuja.

Kasoro. Mapovu yakikoma akiwa amevaa, kuna pa kuvujia, na mara nyingi ni mdomo wazi au prongi ndogo. Nyonyo ya kumfunga mdomo na kofia nzuri ya kushikilia mipira hutatua nusu ya matatizo haya. Maji yanayokusanyika kwenye mkunjo wa mpira hubadilisha msukumo, yamwagwe. Ukuta wa kati wa pua huchubuka, na ukiachwa unaoza, hivyo utazamwe kila mara unapopita. Tumbo hufura. Hatari kubwa ni pafu kutoboka. Mtoto akibadilika ghafla, upande mmoja wa kifua haupandi, oksimita inaanguka, mwite daktari hapohapo. Mtoto njiti aliyezaliwa kabla ya wiki 32 asipewe oksijeni tupu bila kupima. Lengo lake ni 88 hadi 95. Zaidi ya 95 macho yake yako hatarini.

Sasa swali linaloulizwa kila mafunzo: je, inaokoa? Inategemea iko wapi. Katika utafiti wa Dhaka uliochapishwa mwaka 2015, watoto wenye homa ya mapafu kali waliopewa CPAP ya mapovu walikufa 3 kati ya 79, waliopewa oksijeni ya prongi wakafa 10 kati ya 67. Ilikuwa hospitali yenye madaktari karibu na kitanda. Miaka minne baadaye ukatoka wa Malawi, uliofanyika hospitali ya wilaya ya Salima kwa watoto wenye hatari kubwa, wakiwemo wenye VVU na utapiamlo mkali. Huko waliokufa kwa CPAP walikuwa 53 kati ya 321, na kwa oksijeni ya kawaida 35 kati ya 323. Kanuni ya kifaa ni ileile: maji, mpira na mapovu. Kilichotofautiana ni watoto wenyewe na usimamizi waliokuwa nao.

Ndiyo maana tunakiweka kigezo cha mikono juu ya kile cha asilimia. CPAP bila mtu wa kuona tumbo linafura au mapovu yamekoma si ngazi ya juu ya prongi.

Anayefaa. Kichanga na mtoto wa chini ya mwaka anayebonyea sana au kuguna licha ya prongi, akiwa na fahamu, anapumua mwenyewe, na kuna muuguzi wa kumpitia mara kwa mara na daktari wa kumwita. Asiyefaa: aliyelegea, anayetapika ovyo, mwenye pafu lililotoboka ambalo halijatolewa hewa, na anayekwamua pumzi.

## Kwa hali yako

Uko kituo cha afya, konsentreta ya lita 5, watoto watatu wanahema, muuguzi mmoja: prongi kwa wote, floumita kila mmoja, lita 1 kila mmoja na mbili za akiba kwa atakayeshuka. Uwe na mtungi hata mdogo wa kusubiri umeme ukatike, ukiwa umeshafungwa regulata yake, kifaa cha kupunguza msukumo wa mtungi. Spana inayotafutwa gizani ni dakika tano za mtoto.

Uko chumba cha dharura cha hospitali yenye mitungi, mtoto ameingia hoi: barakoa yenye mfuko kwa lita 10 huku mkitafuta mshipa na kupima sukari, kisha prongi mara anapotulia. Andika saa mliyoibadilisha. Tumewahi kuona lita 10 zikiendelea hadi asubuhi kwa mtoto anayekunywa uji, kwa sababu tu hakuna aliyeandikiwa azishushe.

Uko na prongi za lita 2, nusu saa imepita, bado 86: fuata mpira kwanza, safisha pua, angalia kama homa ya mapafu ndiyo shida peke yake au kuna maji kifuani au moyo. Kisha uamue: kama kuna mtu wa kukaa naye, CPAP; kama hayupo na konsentreta ni ndogo, katheta ndefu; kama mitungi ipo na rufaa ni ya saa moja, barakoa yenye mfuko.

Oksimita inasoma 97 lakini anahema kama aliyekimbia: tazama viganja na macho. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kusoma vizuri kabisa, na kinachompungukia ni damu yenyewe. Mwenye kisukari au kuhara kukali anahema kwa sababu damu imechachuka. Hakuna kifaa kati ya hivi vitano kinachotibu hayo.

Anapata nafuu: mara moja kwa siku, mchana na si wakati wa kukabidhiana zamu, toa oksijeni kwa dakika 10 hadi 15 huku ukimtazama. Akibaki juu ya 90 bila kubonyea zaidi, iache nje, pima tena baada ya nusu saa, halafu kila saa tatu siku hiyo. Akishuka, irudishe kwa kiwango kilekile, jaribu kesho.

Anapewa rufaa, gari liko mlangoni, safari ni saa mbili: prongi kwa lita 2 ni lita 240, beba mara mbili yake kwa ajili ya matope na foleni, yaani 480. Mtungi mdogo wa lita 680 unatosha. Barakoa yenye mfuko kwa lita 10 ni lita 1,200, na mtungi huohuo utaisha dakika ya 68, njiani. Kwa huyo beba mitungi minne, na muuguzi anayejua kuibadilisha akae nyuma na mtoto, si mbele na dereva.